Mama, breki zikilia usikimbilie kuzinyamazisha

1/7

Leo uji wa lishe na chanjo tunaviweka pembeni kidogo. Tunaongelea breki za gari.

Najua kuna mtu ameshasema, "Nesi na breki wapi na wapi?" Jibu langu ni fupi: breki zikishindwa, wanaoumia wanaletwa kwetu. Mimi nina stashahada ya uuguzi, siyo ya ufundi magari. Ila nimeshika mikono ya watoto waliotolewa barabarani, na baada ya hapo huwezi tena kukaa kiti cha mbele na kusema mambo ya gereji ni ya baba peke yake.

Wiki hii mama mmoja mwenye watoto wawili kaniandikia hivi: "Dada nesi, mume wangu kafunga pedi mpya za breki kwenye Subaru yetu, zile za spoti. Kazilipia hela nyingi. Sasa kila tukifika kwenye tuta zinalia mpaka watu wanageuka. Fundi anasema ni kawaida. Mwisho wa mwezi tunasafiri na watoto. Ni kawaida kweli?"

(Na nyie mlioanza kucheka kwa sababu ya neno pedi, nimewaona. Siyo zile. Hizi zinavaliwa na gari.)

Mpendwa, inawezekana ni kawaida na inawezekana siyo. Kelele peke yake haikwambii. Mtoto akilia wodini hatuanzi kwa kumziba mdomo, tunaanza kwa kuuliza analilia nini: njaa, nepi, sikio, tumbo? Kila kilio na sababu yake, na wewe mama unazijua tofauti zake hata ukiwa jikoni. Breki nazo ni hivyohivyo. Kaa, mimina chai, twende taratibu mpaka sehemu ya saba.

2/7

Kwanza tuelewane kilichopo kule chini.

Nyuma ya tairi la mbele kuna sahani ya chuma inayozunguka pamoja na tairi. Mafundi wanaiita diski. Diski imekumbatiwa na kifaa kinachoitwa kalipa, na ndani ya kalipa kuna pedi mbili, moja huku na moja kule. Ukikanyaga breki, fluidi inasukuma pistoni, pistoni inazibana pedi kwenye diski, na ule msuguano ndo unaolisimamisha gari. Magari mengi madogo tunayoendesha huku kwetu nyuma yana dramu na breki shuu badala ya diski, lakini kazi kubwa ya kusimamisha inafanywa na breki za mbele.

Sasa shika jambo hili moja, maana mengine yote yanatoka hapa: mwendo wa gari haupotei hewani, unageuka kuwa joto. Kila unapopunguza spidi, pedi na diski zinalimeza hilo joto. Na spidi ikiongezeka mara mbili, joto la kumeza linaongezeka mara nne. Yaani kusimama kutoka spidi 80 siyo kazi mara mbili ya kusimama kutoka 40. Ni mara nne.

Na ukiwa spidi 80, gari linakula mita 22 kila sekunde. Breki zikichelewa kushika kwa sekunde moja tu, umeshasogea mbele karibu urefu wa mabasi mawili makubwa. Mtoto anayevuka barabara hana nafasi hiyo.

Kuhusu aina za pedi. Zipo za kawaida, zilizotengenezwa kwa nyuzinyuzi zilizoshikanishwa na gundi maalumu. Hizi ni laini na kimya, ila joto kali linazichosha. Zipo za nusu metali, zimechanganywa na chuma na shaba. Zinavumilia joto, lakini zinatoa vumbi na kelele zaidi. Zipo za seramiki, ambazo kwa kawaida zina kelele kidogo na vumbi kidogo, na bei yake imechangamka.

Zile zinazoitwa za spoti mara nyingi ni mchanganyiko mgumu zaidi uliotengenezwa ili usilegee kwenye joto. Ugumu huohuo ndo unaozifanya zipige kelele kirahisi. Kwa hiyo mama, kulia kidogo siyo ushahidi kwamba baba kauziwa feki.

Ila kuna za spoti za kuendea kazini na kuna za mashindano kabisa. Za mashindano zinahitaji joto ndo zishike vizuri. Zikiwa baridi ni wavivu. Sasa wewe asubuhi unampeleka mtoto shule, unakanyaga breki mara tano njia nzima, hizo pedi hazipati hata nafasi ya kuamka. Kama boksi limeandikwa ni za mashindano tu, hazifai kwenye gari la familia, hata kama zimepunguzwa bei, hata kama muuzaji ni rafiki wa baba.

3/7

Kwa nini pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa?

Chukua kikaango kipya cha chuma cha kupikia chapati. Kinang'aa, kizuri, umekitoa dukani leo. Ukikiweka tu jikoni na kumwaga unga wako, chapati ya kwanza inashika, ya pili inachanika, watoto wanakuangalia. Mwenye uzoefu anakipasha kwanza, anakipaka mafuta, anakiacha kipoe, anarudia, mpaka kinapata ule utando mweusi mwembamba. Baada ya hapo chapati inateleza yenyewe.

Diski ya breki na pedi zina utando wao pia. Pedi zikipashwa kwa mpangilio, zinaacha tabaka jembamba sana la nyenzo yake juu ya diski, sawasawa kuizunguka yote. Kuanzia hapo pedi inashikana na tabaka lililotokana nayo, siyo na chuma kitupu. Breki zinashika vizuri, zinatulia, na mara nyingi ile kelele inapungua yenyewe.

Faida ya pili ni ile gundi iliyoshikanisha pedi. Mara ya kwanza inapopata joto kali, inatoa gesi. Hiyo gesi ikikaa katikati ya pedi na diski, breki zinateleza. Unakanyaga kwa nguvu zako zote na gari linakuja tu. Sasa chagua mwenyewe: hilo likutokee alfajiri kwenye barabara tupu ukiwa umejipanga, au likutokee kwenye mteremko na watoto watatu wamelala nyuma?

Ndo maana sipendi ile tabia ya kufunga pedi Ijumaa jioni na kusafiri Jumamosi alfajiri. Baba anasema, "Gari nimelipeleka gereji, breki mpya kabisa, msiwe na wasiwasi." Pedi ambazo hazijazoeshwa bado hazijawa breki kamili, jamani.

4/7

Zinazoeshwaje?

Sheria ya kwanza: ndani ya boksi la pedi za maana kuna karatasi ya maelekezo. Sisi manesi tumefundishwa kusoma karatasi ya dawa kabla ya kumpa mgonjwa. Pale gereji hiyo karatasi ndo inakuwa ya kwanza kwenye pipa, inafungiwa karanga. Mwambie fundi, "Kaka, naomba boksi na kila kilichomo." Ikiwa karatasi inasema tofauti na mimi, fuata karatasi. Kwa pedi zisizo na maelekezo, utaratibu wa kawaida ni huu.

Kabla gari halijatoka gereji, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu. Wakati wa kufunga pedi, fundi anazirudisha pistoni nyuma. Kwa hiyo mkanyago wa kwanza unaweza kwenda mpaka chini bila kushika chochote. Usije ukaligundua hilo ukiwa unatoka getini. Angalia pia kikopo cha breki fluidi kiko kati ya alama ya chini na ya juu.

Watoto wabaki nyumbani. Hapa sina mjadala. Mnakwenda kukanyaga breki kwa makusudi, mara nyingi, na mtoto siyo mzigo wa kufanyia majaribio. Mikanda ifungwe na wote waliomo.

Tafuta barabara iliyonyooka, tambarare, kavu na isiyo na watu. Jumapili alfajiri ni muda mzuri. Angalia kioo cha nyuma kila mara: kama kuna gari au bodaboda nyuma yako, acha ipite kwanza.

Hatua ya kwanza: nenda spidi 50, kanyaga kwa nguvu ya wastani mpaka ufike 10, achia, endelea. Usisimame kabisa. Endesha kama nusu dakika ili zipumue, kisha rudia. Fanya hivyo mara nane mpaka kumi.

Hatua ya pili: kwa pedi za spoti, na mahali ambapo sheria inaruhusu spidi hiyo. Kwenye makazi ya watu mwisho ni 50, tusije tukatafuta usalama kwa kuvunja sheria. Nenda 80, kanyaga kwa nguvu zaidi mpaka ufike kama 15, bila kusimama na bila tairi kujifunga wala ABS kutetemesha mguu. Rudia mara nane hivi. Utasikia harufu kama ya kitu kinachoungua, na moshi kidogo unaweza kuonekana. Hiyo ni ile gundi. Ukiona pedali inaanza kuwa laini au gari halishiki kama mwanzo, acha kukanyaga, endesha polepole zipoe.

Hatua ya tatu, hii wengi wanaiharibu: zipooze. Endesha dakika kumi bila kugusa breki isipokuwa lazima. Usisimame ghafla ukaubana mguu kwenye pedali. Pedi ya moto ikibanwa sehemu moja ya diski inaacha doa, na baadaye usukani unatetemeka kila ukikanyaga, halafu unaambiwa diski imepinda. Ukifika, egesha sehemu tambarare, weka gia, weka jiwe kwenye tairi, na uiache handbreki mpaka vyote vipoe. Usimwagie maji rimu zikiwa za moto. Yule kijana wa kuosha magari mwambie asubiri.

Basi. Zima nzima ni chini ya saa moja.

5/7

Sasa turudi kwenye kilio. Mmeshazoesha, bado zinalia. Sikiliza vizuri ni kilio gani.

Kilio cha asubuhi. Gari limelala nje na umande au limeoshwa jana. Ukikanyaga mara ya kwanza linalia, mara ya tatu kimya. Hiyo ni kutu nyepesi na unyevu juu ya diski. Kama mtoto aliyeamka vibaya tu. Atatulia.

Kilio chembamba cha kusimama. Mluzi mkali unapokaribia kusimama, hasa kwa pedi ngumu mpya, lakini breki zinashika vizuri, pedali ni ngumu, gari halivuti upande. Huo ni mtetemo. Pedi inashika na kuachia diski maelfu ya mara kwa sekunde, na vyuma vinapiga mluzi. Inakera, inaaibisha mbele ya kanisa, lakini peke yake haiui. Ina tiba, tutaiona.

Kilio cha kudumu kwenye pedi za zamani. Pedi nyingi zina kidude cha bati kilichowekwa makusudi: pedi ikibaki nyembamba, milimita mbili au tatu hivi, kinagusa diski na kupiga kelele. Pedi mpya huwa na milimita kumi hivi au zaidi. Huyu mtoto anakwambia ana njaa. Usimpe maji, mpe chakula. Badilisha pedi.

Kukwaruza. Siyo mluzi, ni kama sufuria inaburuzwa kwenye sakafu ya saruji. Hapo pedi imekwisha, chuma kinakula chuma, au kuna jiwe limeingia. Mpendwa, hapo hakuna "tufike kwanza nyumbani". Egesha. Ita fundi aje.

Na wa mwisho, yule ambaye sisi manesi tunamuogopa kuliko wote: asiyelia. Wodini, mtoto anayepiga kelele ana nguvu. Anayetutoa mbio ni yule aliyelegea, kimya, haulizi kitu. Breki zilizo kimya lakini pedali inazama, au gari linavuta upande mmoja, au taa nyekundu ya breki imewaka kwenye dashibodi, hizo ni mgonjwa mahututi. Usizipime kwa masikio. Zipime kwa mguu.

6/7

Niwape kisa cha jirani yangu, maana hapa ndo penye hatari yenyewe.

Huku Iringa, ukitaka kwenda Morogoro au Dar kwa gari, ukishapita Ilula unateremka Kitonga. Waliopita wanaijua: kona juu ya kona, malori yamepanga foleni, upande mmoja mlima na upande mwingine korongo. Desemba mwaka jana jirani yangu Mama Glory na familia yake walikuwa wanakwenda Morogoro kwa sikukuu. Gari lao lilikuwa na pedi mpya zinazolia. Siku moja kabla ya safari akaja kwangu anacheka.

"Mama Kelvin, gari limepona! Halilii tena hata kidogo."

"Limefanywa nini?"

"Fundi kapaka grisi. Elfu tano tu."

"Kapaka wapi, mgongoni mwa pedi au usoni?"

"Mimi nimeona anapaka ule upande unaobana sahani."

Nikamwita Baba Kelvin. Baba Glory naye akatoka, "Shemeji, msitutishe bwana, yule fundi anaijua kazi." Mume wangu hakubishana. Alimwambia tu, "Twende mtaani hapo tambarare, mwendo wa taratibu, ukanyage ukifika usawa wa lile jiwe." Wakaenda wawili, gari tupu. Sisi wanawake tumesimama barazani. Gari likafika kwenye jiwe. Likalipita. Likaendelea, likaendelea, likivuta kushoto, mpaka likasimama karibu na mti wa mwisho wa uzio. Lilikuwa spidi ya kuendesha mtaani tu.

Baba Glory alirudi hajasema neno. Akaenda kukaa kwenye ngazi.

Kelele zilikuwa zimeisha kweli. Zilikuwa zimeisha kwa sababu msuguano ulikuwa umeisha. Grisi imefanya kile ambacho grisi huwa inafanya, imetelezesha. Ni sawa na mtu anayempa mtoto dawa ya kulala kwa sababu analia sana usiku. Nyumba inatulia. Ugonjwa unaendelea na kazi yake.

Safari iliahirishwa siku mbili. Fundi mwingine alizitupa zile pedi, maana pedi ina vitundu na ikishanyonya mafuta haisafishiki. Alisafisha diski kwa spirei ya breki, akafunga mpya kama inavyotakiwa, na kesho yake alfajiri wanaume wakaenda kuzizoesha barabara ya kwenda Nduli. Siku waliyosafiri Mama Glory alinitumia ujumbe akiwa Ruaha Mbuyuni: "Tumeshuka salama. Bado zinalia kidogo lakini zinashika."

Bado zinalia kidogo lakini zinashika. Mimi ujumbe huo ulinitosha.

7/7

Tiba sahihi ya mluzi ni ipi basi? Hii mpelekee fundi wako kwa upole, maana mafundi hawapendi kufundishwa, kama sisi manesi tu.

Moja, asafishe mahali pedi zinapokaa. Kutu na uchafu kwenye kalipa vinafanya pedi ikae upande na kutetemeka. Brashi ya waya na spirei ya breki vinatosha.

Mbili, pini ambazo kalipa inatelezea zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya breki inayovumilia joto. Siyo grisi ya bearingi. Pini zikikwama, pedi moja inafanya kazi ya mbili.

Tatu, vibati vyembamba vya mgongoni mwa pedi virudishwe au vinunuliwe vipya. Kazi yake ni kumeza mtetemo. Vikitupwa, mluzi unaanza.

Nne, grisi hiyohiyo ya breki inapakwa kidogo sana mgongoni mwa pedi na kwenye masikio yake tu. Usoni hapana. Ukikuta mtu anapaka usoni, chukua funguo zako uondoke.

Tano, diski yenye mifereji au iliyochakaa ichongwe kwa mashine kama unene wake bado unaruhusu, au ibadilishwe. Pedi mpya kwenye diski mbovu ni kiatu kipya juu ya mguu wenye kidonda.

Sita, kingo za pedi zinaweza kukatwa pembe kidogo kwa ulalo kama hazikuja hivyo. Inasaidia mluzi.

Saba, zizoeshwe. Ukiruka hili, hayo sita yamekwenda nusu.

Ukishafanya yote na pedi za spoti bado zina mluzi mdogo, una uamuzi mmoja wa kifamilia: mvumilie, au mrudi kwenye pedi za kawaida zenye ubora. Gari la kupeleka watoto kliniki na sokoni halihitaji pedi za mbio. Baba anaweza kununa kidogo. Atapona.

Mawili ya mwisho yanayonihusu kikazi.

Vumbi la breki. Pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na zipo ambazo bado zinauzwa duniani zikiwa nayo. Vumbi la asbesto likiingia kwenye mapafu linaweza kuleta ugonjwa na saratani miaka mingi baadaye. Huwezi kulitambua kwa macho. Kwa hiyo lile jambo la fundi kupuliza breki kwa hewa mpaka wingu linatanda, mtoto akiwa amesimama pembeni anaangalia, tuliache. Vumbi liloweshwe kwanza kwa spirei, fundi avae barakoa, watoto wakae mbali. Na kama baba kafanya kazi hiyo mwenyewe nyumbani, abadilishe nguo na kunawa kabla ya kumbeba mtoto.

Pili, milima. Kitonga, Lushoto, Sekenke, popote penye mteremko mrefu: weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka, acha injini ikusaidie kulishika gari, na tumia breki kwa kukanyaga na kuachia. Usining'inize mguu juu ya pedali mteremko mzima, zitapata joto mpaka fluidi ichemke. Fluidi inanyonya unyevu kadiri inavyozeeka: ile ya DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 155. Ikichemka, pedali inazama. Ndo maana inabadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama rangi yake bado nzuri.

Kwa mama aliyeniuliza: mpaka mwisho wa mwezi mna muda. Rudini kwa fundi aitazame ile migongo ya pedi na zile pini. Mwulize kama alipaka kitu usoni. Tafuteni lile boksi. Zoesheni, zipooze, zipimeni kwa mguu. Zikishika vizuri na kulia kidogo, safirini. Zikikaa kimya na kuteleza, msiende hata dukani.

Mtumie mwenzio anayesafiri na watoto. Jumatano ijayo tunaongelea degedege: dakika tano za kwanza ufanye nini, na vitu gani usimwekee mtoto mdomoni.